Kiti cha Mama Mkwe

Mume wangu Nzioka hawezi kununua hata jembe bila kulihoji. Atalishika, ataligeuza, atauliza mpini umetoka kwa mti gani na nani aliuchonga, na akiisha kuridhika atamwambia mwenye duka ampe muda alifikirie. Mimi nauza ndengu na mbaazi sokoni Mwingi, na mteja wa namna hiyo ningemfukuza. Lakini huyu ni wangu, kwa hivyo nimejifunza kuketi na kungoja. Wakati mwingine, sitaficha, maswali yake huniambukiza, nikabaki na mimi nayatafuna usiku kucha.

Kazi yake ni kufundisha kwaya. Kanisa likiwa na mashindano au harambee humpigia simu, naye hufunga kinanda chake kidogo ndani ya gunia la plastiki akaenda kukaa huko wiki nzima, akiwatenga watu wa sauti ya kwanza na wa besi hadi wasikie tofauti. Amefundisha huku kwetu kaskazini mwa Kitui, amefundisha Kibwezi kwa watu wa mashamba ya mtoni, amefundisha hata Mbooni, kwetu nilikozaliwa. Alikuwa akienda kwa bodaboda, mpaka siku pikipiki ilipowamwaga yeye na kinanda kwenye changarawe. Kinanda kilipona. Yeye aliamka na kovu juu ya jicho, akaapa hatapanda tena kitu kinachoendeshwa na mtu anayeongea na simu.

Ndipo akaanza kuota baiskeli. Hakutaka ile nyeusi nzito ya kubebea mitungi ya maji. Alitaka baiskeli ya safari, ya kubeba mzigo mbele na nyuma, ya kupanda kilima cha Mbooni bila mtu kushuka, ya kumtoa Mwingi hadi Kibwezi ikiwa yeye ana nguvu na barabara ina subira. Nilimwambia mwanamume wa umri wake hutafuta fimbo. Akacheka, akaenda Kitui kutazama baiskeli mpya.

Ilikuwa dukani imening'inizwa, rangi ya buluu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mwenye duka aliishusha akamkalisha juu yake. Nzioka akauliza fremu ni ya nini, akaambiwa alumini. Akauliza keria itafungwa wapi, akaambiwa itatafutwa njia. Akauliza hizo breki za diski zinazotumia mafuta, zikivuja mtu akiwa katikati ya Zombe na hakuna duka, afanye nini. Mwenye duka akamwambia hazivuji. Nzioka akaja nyumbani na jibu hilo, akaligeuzageuza mezani pamoja na chai.

Mwezi huohuo mimi nilikuwa na shida yangu, na shida yangu ilikuwa mama.

Mama yangu anaitwa Kaveke. Anaishi Kikima, huko Mbooni, peke yake tangu baba afariki, na dada zangu wote wameolewa mbali kuliko mimi. Nyonga yake imeisha. Nilipomtembelea nilimkuta anatembea kwa kushika ukuta, na pindo la leso yake limeungua, maana alikuwa ameinama motoni akashindwa kuinuka. Nikamwambia aje tukae naye Mwingi. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa hasira, kisha nikalia. Yeye akaendelea kupepeta mahindi ya muthokoi.

"Nitakaa wapi?" akaniuliza. "Kwa mthoni wangu?"

Mthoni ni mkwe, na hapo ndipo mlango ulipokuwa umefungwa. Kwa sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni. Mtu akisema nthoni ni aibu, amekosea, na akisema ni heshima, amesema nusu. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Hampi mkono. Wakikutana njiani, yeye hupisha hadi vichakani, kila mmoja akatazama kwake. Hawali pamoja, na hakalii mahali alipokalia mama yule, wala mama hakalii pake. Miaka ishirini na zaidi nimeolewa, na kila tukienda Kikima Nzioka hulia chakula chake uani karibu na ghala, mama hula jikoni, na mimi hutembea katikati yao na bakuli kama tarishi. Mama hajawahi kulitamka jina lake. Humwita ithe wa Ben, baba yake Ben, kwa sababu ya mtoto wetu wa kwanza.

Wazee walikuwa na namna ya kuilegeza nthoni. Mbuzi alichinjwa, watu wakakaa, maneno yakasemwa. Lakini mama hawezi kuomba jambo hilo, ataonekana mwanamke asiye na haya. Na Nzioka naye hawezi kulianza, ataonekana amechoka kumheshimu. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa upande wake akimheshimu mwenzake, na mama yangu akiungua leso.

Siku hiyo ya leso, nilipokuwa nakaribia kuondoka, mama akauliza kama ni kweli ithe wa Ben anatafuta baiskeli. Habari zilikuwa zimefika Kikima kabla yangu, kwa njia ya kwaya. Nikasema ni kweli. Akaniambia niingie chumbani kwake nishushe ile yake.

Baiskeli ile niliijua tangu nikiwa msichana. Aliileta mwanamke mmoja Mzungu aliyekuwa amesafiri juu yake kutoka Misri, akitafuta njia ya kwenda pwani kwa kupitia milimani, sijui nani alimdanganya. Goti lake lilimshinda hapo kwetu. Alikaa nyumbani akikandwa na mama majani na maji moto, na goti lilipokataa kabisa, alipanda gari kwenda Nairobi akamwachia mama baiskeli. Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji wakati huo. Alijifunza kuiendesha uwanjani mwa shule, jioni, watu wakimcheka, na baada ya hapo alizunguka vilima vyote vya Mbooni akipima uzito wa watoto, mizani ikining'inia nyuma. Mwanamke wa kanisa, mwenye sketi ndefu, juu ya baiskeli ya gia. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Nyonga ilipoanza kumsumbua aliitundika chumbani juu ya kitanda, akaifunika leso.

"Ampelekee fundi," akasema. "Abadilishe chochote anachotaka. Lakini hicho kiti asikiguse."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema nitachelewa gari.

Basi nikaipakia juu ya gari, nikapitia Machakos nayo, nikafika Mwingi na baiskeli isiyo na pumzi na swali lisilo na jibu. Nzioka aliipokea mlangoni, akaizunguka mara nyingi, mikono nyuma. Hakuishika. Nilipompa masharti ya mama aliizunguka tena mara moja.

Kesho yake tuliipeleka kwa Mikail. Mikail ni fundi wa baiskeli karibu na soko la mbuzi, familia yao ilitoka pwani zamani lakini yeye amezaliwa hapa na Kikamba chake kinanishinda mimi kwa matusi. Aliigeuza baiskeli juu chini, akazungusha pedali, akasikiliza. Kisha akaigonga fremu kwa kucha.

"Sikia hiyo," akasema. "Chuma ya zamani. Haijapasuka mahali."

Nzioka akainama, akagonga na yeye. "Iko kwa la," akasema.

"Kwa la gani?"

"Do, re, mi, fa, so, la. Hapa ni la. Ile ya Kitui niliigonga pia. Haikusema kitu."

Mikail akanitazama kama mtu anayeuliza huyu nilimtoa wapi. Kisha wakaendelea wawili hao, na mimi nikajua asubuhi yangu yote imekwenda. Lakini nilisikiliza. Mikail alisema cheni imekwisha na meno ya gia za nyuma yamekwisha nayo. Rimu ya nyuma imeliwa na breki hadi ikawa nyembamba kama bati. Tairi hizo si tairi tena. Nyaya zote ni za kutupa, gololi za usukani zimekauka. Nzioka akauliza hayo yote yanapatikana wapi. Mikail akanyoosha mkono kuelekea dukani mwake, kisha kuelekea soko, kisha kuelekea ulimwengu mzima.

"Hii gurudumu ni inchi ishirini na sita. Ukipasua tairi Kibwezi, utapata. Kikima, utapata. Hata kule ndani-ndani kwa duka ya sukari na mafuta ya taa, utapata. Ile yako ya Kitui ni ishirini na tisa. Ukipasua kule, utaimba."

"Na breki?"

"Waya na mpira. Hiyo hata wewe unaweza kufunga. Na ona hapa." Akaonyesha vishimo vidogo vya nati mbele na nyuma ya fremu. "Huyu mwenye alitengeneza hii alijua mtu atabeba mzigo. Hiyo mpya mtu aliitengeneza akijua utaenda kuzunguka uwanja."

Nilimwona Nzioka anaanza kuipenda. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole, akaonekana mdogo. Alipofika kwenye kiti akasimama. Kilikuwa kiti cha ngozi, kahawia nyeusi, na ngozi ile kwa miaka mingi ilikuwa imeshika umbo la aliyeikalia. Palikuwa na vibonde viwili pande zote za katikati, vinalingana. Mtu yeyote angeviona angejua ni vya mtu fulani.

"Hiki kinatoka?" akauliza Nzioka.

"Ngozi inatoka. Lakini hii mti ya kiti, hii bomba ya chini, imeshikana na fremu, imekuwa kitu moja." Mikail aliupiga nyundo kidogo, ukakataa hata kutikisika. "Naeza itoa. Amonia, polepole, wiki mzima. Lakini kiti yenyewe ni ya maana, Baba Ben. Siku hizi hupati hii. Panda tu."

"Ni ya mama mkwe wangu."

"Si ndio amekupa?"

"Mikail, wewe umeishi hapa. Unajua."

Mikail anajua. Kwao mkwe hubusu mkono wa mama mkwe wake na kula naye sahani moja, na miaka yote hiyo akitutazama sisi tunapishana vichakani hajawahi kusema neno. Siku hiyo alisema moja. "Labda muulizeni huyo mama anataka nini," akasema, akarudi kwenye spoku zake.

Ushauri mzuri, ila haungeweza kufuatwa. Nzioka angemuulizaje? Mimi nilikuwa nimeuliza nikaambiwa nitachelewa gari.

Tulikaa na jambo hilo siku nyingi. Jioni Nzioka alisema ile ya zamani ndiyo baiskeli ya kweli, asubuhi akasema ile ya Kitui haijakaliwa na mtu, inataka pesa tu. Alifikiria kubadilisha kiti kimyakimya, akakataa, kwa sababu alikuwa ameambiwa asikiguse. Alifikiria kukifunika na ngozi ya kondoo, akakataa pia, kwa sababu chini ya ngozi ya kondoo kiti kingekuwa kilekile na yeye angejua. Nilimwambia anapiga hesabu ya makalio. Hakucheka. Mwishowe akaamua kwamba atanunua mpya, na ya mama itarudi. Lakini hairudi ikiwa maiti. Akamwambia Mikail aifunge cheni mpya, tairi, rimu, nyaya na gololi, ailainishe yote, asiguse kiti. Wakati Mikail anaijaribu barabarani, mume wangu alisimama akiitazama inavyokwenda bila kelele, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsindikiza mgeni aliyempenda.

Tukaenda Kikima, mimi na yeye na baiskeli. Kutoka stendi hadi nyumbani ni mteremko mtupu, na Nzioka aliisukuma baiskeli nzima, iliyopakwa mafuta, yenye tairi mpya, mteremko wote kwa miguu. Kila tuliyempita alisimama kuuliza imeharibika wapi. Yeye alijibu haijaharibika. Walitupita wakigeuka nyuma.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, ameketi, uso upande. Nzioka akasimama karibu na ghala, uso upande. Walisalimiana hivyo, sauti zikipitia juu ya kuku.

"Mama," akasema Nzioka, "nimeshukuru sana. Nimekurudishia mali yako. Nimeitengeneza ndio usione nimeidharau. Lakini mimi siwezi kukalia pahali wewe umekalia. Nitanunua ingine."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwenye gari, niliona midomo yake ikienda. Yalikuwa maneno ya adabu kabisa. Mtu mzima yeyote wa Kikamba angeyasikia angemsifu.

Mama akasema, "Nimesikia." Akaushika ukuta, akainuka, akaingia ndani.

Nilimfuata. Nilimkuta anatafuta kitu kwenye rafu, na hakukuwa na kitu chochote kwenye rafu. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, huyu amekuheshimu, sasa mbona unakuwa hivi. Nilikuwa nimechoka na heshima yao wote wawili.

"Nilitaka tu kujua kama kinakalika," akasema.

"Kiti?"

"Huko kwako kila kitu ni chake. Kiti ni chake, meza ni yake, choo ni chake. Nikikuja nitakalia wapi? Nikasema nianze mimi. Nimpe changu. Akikikalia, basi na mimi nitaweza kukalia chake, na hakuna mtu ameomba mwenzake kitu." Alifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Sasa amekataa. Amefanya vizuri. Wewe rudi na bwanako."

Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni, maana ulikuwa ni mlango, alikuwa ameuacha wazi kwa muda wote huo, na sisi wawili na Mikail tuliuzunguka tukihesabu meno ya gia. Nilitoka uani. Nzioka alikuwa bado amesimama karibu na ghala, mkono mmoja juu ya usukani, anangoja chakula chake kama kawaida.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kwa sauti ya chini, mbaya. Nilimwambia alichosema mama kama alivyokisema.

Niliyangoja maswali. Namjua mume wangu. Ningeulizwa kama alisema hivyo kwa maneno yake mwenyewe, kama alikuwa ameketi au amesimama, wazee wa ukoo wangelionaje jambo hilo, na mchungaji angelionaje. Alinitazama. Akakitazama kiti, vile vibonde viwili. Hakuuliza kitu.

Akapitisha mguu juu ya baiskeli, akaketi.

Mti wa kiti ulikuwa umeshikana kwa kimo cha mama, na mama ni mfupi. Magoti ya Nzioka yakaja juu hadi karibu na kifua. Akakanyaga. Akazunguka ghala, akapita kati ya kuku wakatawanyika, akapita mbele ya mlango wa jiko usukani ukiyumba, tai ya kanisa ikimpiga usoni, mwanamume mwenye mvi aliyekunjwa kama panzi. Akazunguka tena. Hakuwa anatazama upande. Alikuwa anatazama mlango.

Mama akatoka. Alisimama ameshika mwimo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona anamtazama mume wangu usoni, macho yote mawili. Mdomo wake ukatetemeka. Nilidhani analia, kumbe anakizuia kicheko, na alipokiachilia kilimtoka cha msichana wa uwanja wa shule.

"Nzioka," akasema, "utang'olewa meno na magoti."

Alifunga breki. Hakushuka. Nilikuwa sijawahi kusikia jina hilo kinywani mwa mama yangu, na nadhani hata yeye mwenyewe alilisikiliza kidogo.

"Mikail atainua kiti, mama," akasema Nzioka. Sauti yake ya besi ilikuwa imepotea mahali. "Kiti yenyewe inabaki hii."

"Kinakaaje?"

"Inakaa vizuri. Ni kama ilikuwa inaningoja."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Upepo uliokuwa ukitoka upande wa vilima uliipeperusha ile leso iliyoungua pindo.

"Na wewe huko Mwingi," akamwuliza, "hukalia kiti gani?"

"Ile ya karibu na dirisha, mama."

"Hicho ndicho nitakikalia."

Sikungoja neno lingine. Nilipita kando yake nikaingia ndani nikaanza kumfungia nguo.